Shajara ya Land Cruiser BJ40: raba za kioo cha mbele kabla ya masika

Jumamosi, 11 Januari 2025

Leo saa nne asubuhi kioo cha mbele kimetoka. Nilikuwa nimeitengea kazi hiyo siku nzima, kumbe kilichokuwa kinakishika si raba tena bali silikoni, na silikoni yenyewe ilikuwa imeshachoka. Nilipitisha kisu cha kukatia kapeti upande wa kulia, nikasukuma kwa viganja kutoka ndani, ba'mdogo akiwa nje amesimama kukipokea, na kikamjia chote kwa mara moja kama mlango usio na komeo.

Gari ni Land Cruiser BJ40 ya 1979, usukani kulia, injini ya B, dizeli ya silinda 4, lita 3.0. Marehemu baba alilinunua kwenye mnada wa magari ya shamba la mkonge alikofanya kazi ya ufundi maisha yake yote, na miaka yangu yote ya shule ya msingi ndilo lililotupeleka Muheza, Korogwe na Lushoto. Toyota ilitengeneza ukoo huu wa 40 kuanzia 1960 hadi 1984. Injini na gia nilizimaliza mwaka jana, breki Novemba. Sasa zamu ni ya maji.

Kwa asiyelijua gari hili, kioo chake ni bapa, kipande kimoja, na kinakaa ndani ya fremu ya bati inayojitegemea. Fremu imeshikwa chini kwa bawaba mbili, na ukishaondoa paa unaweza kuilaza yote juu ya boneti. Ndiyo maana raba ziko tatu. Ya kwanza inashika kioo ndani ya fremu. Ya pili inalala kati ya fremu na bati la mbele ya dashibodi, pale chini zilipo bawaba. Ya tatu iko juu, fremu inapokutana na paa. Zote tatu zilikuwa zimepasukapasuka kama ardhi ya kiangazi, na kila penye ufa palijazwa silikoni, tabaka juu ya tabaka. Nimehesabu rangi tatu: nyeupe, nyeusi, kijivu. Yaani mara tatu mtu amejaribu kuzuia maji bila kuthubutu kukitoa kioo.

Masika ya Tanga huanza Machi. Nina kama wiki nane.

Jumapili, 12 Januari

Fremu imeshuka. Boliti moja ya bawaba ya kushoto imekatika. Nyingine tatu zimekubali baada ya kulala na mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha.

Niliilaza fremu juu ya meza, nikaanza kukwangua silikoni kwa kipande cha mbao ngumu. Juu na ubavuni bati ni zima, hata rangi ya kiwandani, ile ya maziwa yaliyochacha, bado ipo. Nilipofika pembe ya chini kushoto mbao ikazama. Nikachukua bisibisi, nikagusa tu, ikatokea upande wa pili. Kutu ilikuwa inatoka kwa magamba, moja juu ya jingine kama ya changu, na katikati ya magamba kulikuwa na unyevu. Januari hii, jua hili, gari limekaa chini ya banda tangu Septemba, na bado ndani kulikuwa na maji.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea. Ile silikoni ya bei nafuu inayonuka siki wakati inakauka hutoa asidi, na asidi hiyo inakula chuma. Ikishakauka, inaziba upenyo ambao maji yangetokea, lakini maji ya kuingia hayakosi pa kupita, yakishaingia yanakaa. Pembe ya chini ndipo yanapokusanyika. Raba iliyopasuka ingemchafulia baba dashibodi tu. Ni silikoni iliyoiozesha fremu.

Namkumbuka baba na taulo lake. Kila masika lilikuwepo, limekunjwa mara nne juu ya dashibodi upande wa dereva, na kila tukisimama alilikamua dirishani. Sisi watoto tulidhani ni sehemu ya gari.

Jumamosi, 25 Januari

Pembe zote mbili za chini zimekatwa na kuunganishwa upya kwa bati la geji 18. Nimekaa na fundi wa kuchomelea kwenye gereji ya Ngamiani tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, na ninafurahi nilikaa, kwa sababu ya jambo moja.

Kabla hajachoma mshono wa mwisho nilimwomba anipe tepu. Nilipima kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha kinyume chake. Tofauti ilikuwa milimita 7. Kwa macho fremu ilionekana sawa kabisa. Lakini kioo bapa hakikunjiki. Ukikiweka kwenye fremu iliyopinda, raba itabanwa pembe mbili na kulegea pembe mbili, na siku gari litakapoingia korongo kioo kitapasuka chenyewe.

"Fundi, tusichomee hapa juu ya meza," nilimwambia. "Tuifunge kwanza kwenye gari."

Hakupenda, kwa sababu gari lilikuwa nyumbani. Lakini alikuja. Tukaifunga fremu kwenye bawaba zake, tukalirudisha paa mahali pake na boliti zake zote, tukavuta pembe moja kwa kamba ya kukazia mizigo, tukapima tena: milimita 1. Hapo ndipo akagusa vidonge vya kuchomelea vya kushikiza kwanza, akasubiri bati lipoe, akagusa vingine. Gari lenyewe ndilo lililotupa umbo la fremu. Kama kuna mtu ana kazi kama hii mbele yake, hatua hii asiiruke hata kwa dawa.

Fremu imerudi gerejini kwa praima na rangi.

Jumatano, 5 Februari

Raba zimefika kutoka Muscat. Shangazi amezituma na mtu aliyekuja kumzika ndugu yake Pangani. Huko Omani na Ghuba yote magari haya bado yanapendwa sana, na maduka ya spea zake yapo ya kutosha. Toyota nayo mwaka 2021 ilitangaza kuanza kutengeneza upya spea za ukoo wa 40, ila ilitaja vitu vya injini, mwendo na ekzosi. Mwenye shida ya raba bado anazunguka mwenyewe.

Nilikuwa pia nimenunua raba nyingine Dar, Gerezani, inayouzwa kwa mita. Nimeziweka mbili hizi pamoja mkekani. Ya mita ni mkanda ulionyooka. Unaukata na kuugundisha, na penye pembe ya fremu unalazimika kuukunja. Ukikunjwa hivyo mdomo wake wa ndani unajikunja makunyanzi, na kila kunyanzi ni mfereji wa maji. Ile ya Muscat ni duara zima, pembe zake nne zimefinyangwa kiwandani kwa mzingo wa kioo chenyewe. Ukiibonyeza kwa ukucha alama inapotea. Ya mita alama imebaki hadi nimemaliza kunywa chai.

Zimeandikwa EPDM. Ni mpira uliotengenezwa kuvumilia jua na mvua, nao ni bora kwa kazi hii kuliko mpira wa asili, lakini una adui mmoja: mafuta. Grisi, dizeli, mafuta ya taa, oili chakavu, vyote vinaulainisha na kuuvimbisha. Nasema hivi kwa sababu kwetu mtu akiona raba ngumu, kitu cha kwanza anachofikia ni mafuta ya taa. Kwenye kazi hii ni maji na sabuni ya kuoshea vyombo tu.

Jumamosi, 15 Februari

Leo ni siku mbaya. Kioo kimepasuka.

Naandika kwa mpangilio nisije nikasahau. Fremu ilirudi Alhamisi, imepakwa vizuri, inang'aa. Asubuhi niliianika raba juani saa moja ili ilainike, nikaivalisha kioo: pembe kwanza, kisha sehemu zilizonyooka nikizisukuma kuelekea katikati, si kuzivuta. Raba ukiivuta inaonekana imekaa vizuri, lakini baada ya miezi inarudi kwenye urefu wake, na pembe zinaachia. Hapa hapakuwa na tatizo.

Raba hii ina mifereji miwili. Mmoja unameza kioo, wa pili unameza ule ulimi wa bati unaozunguka fremu ndani. Kuingiza kioo kwenye raba ni rahisi. Kazi ni kuufanya mdomo wa raba uvuke ulimi wa fremu, uje upande wa ndani ya gari, mzunguko mzima. Njia yake ni kamba. Unailaza kamba ndani ya ule mfereji wa pili kuzunguka kote, ncha zake zinapishana chini katikati. Unakiegemeza kioo na raba yake kwenye fremu kutoka nje, mtu mmoja anasukuma kwa viganja, mwingine yuko ndani anavuta ncha ya kamba kuelekea katikati ya kioo. Kamba ikitoka inaubeba mdomo wa raba, inauvusha juu ya ulimi.

Nilitumia kamba ya katani. Nilitaka iwe katani. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche iliyofika hai ilikuwa 62, na kutoka hiyo 62 ndipo yakatoka mashamba yaliyomlea baba na kutulea sisi. Niliona ni haki kamba itakayokirudisha kioo cha gari hili itokane na jani hilo. Lakini katani ina vinyweleo. Ilikunywa sabuni yote, ikavimba, ikaanza kuuma raba. Chini ilitoka kwa sentimita 40 hivi, ilipofika pembe ya kushoto ikakwama. Nilivuta kwa nguvu zaidi, ba'mdogo nje akapiga kiganja kwenye pembe kunisaidia, mara moja, mara mbili. Ya tatu tukasikia "ti". Sauti ndogo kama ya bilauri ikiguswa kwa kijiko. Mstari mwembamba kama unywele ukaanzia pembe ya chini na kupanda taratibu, tunautazama, hadi karibu na katikati.

Kioo ni cha tabaka mbili na plastiki katikati, kwa hiyo hakikumwagika. Kimekaa hapo hapo, kizima, na mstari wake.

Ba'mdogo alikaa kwenye ngazi, hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema: "Kioo hicho kaka alikibadilisha mwenyewe mwaka ule ulipozaliwa." Sikuwa na la kujibu.

Jumatatu, 17 Februari

Sikuridhika kwamba ni kamba peke yake. Jana jioni nilichukua kalipa nikapima unene wa ulimi wa fremu kuzunguka kote. Juu, milimita 2.3. Ubavuni, 2.5. Chini kulia, 4.6. Chini kushoto, palepale kamba ilipokwama, milimita 5.4.

Puti. Gerejini wamelainisha mishono ya kuchomelea kwa puti, na puti wameipitisha hadi juu ya ulimi, wakaipiga msasa ikawa laini kama yai, wakapaka rangi. Kwa jicho ni kazi nzuri. Lakini ulimi huo ni bati mbili zilizobanana, na mfereji wa raba umetengenezwa kwa unene wa bati mbili, si wa bati mbili na puti. Kwenye pembe ile raba haikuwa na pa kuingia. Ilikuwa imesimama juu ya ulimi badala ya kuumeza, na kila kiganja cha ba'mdogo kiliupeleka uzito wote kwenye nukta moja ya kioo.

Kosa ni langu pia, kwa sababu sikumwambia mpaka rangi kwamba ulimi ule hauguswi na puti. Yeye anaona fremu. Raba inayokuja haioni.

Nimeitoa yote. Grainda yenye diski ya msasa kwenye sehemu pana, tupa kwenye pembe, mpaka chuma cheupe. Mishono imebaki na vinundu vidogo, nimevisawazisha kwa tupa bila kulikonda bati. Kisha praima ya zinki, mkono mmoja mwembamba, na rangi mikono miwili myembamba kwa brashi. Nimepima tena: 2.6 hadi 2.9 chini kote. Nimetoboa pia matundu mawili ya milimita 4 chini ya fremu kwa ndani ya boksi lake, ili maji yakiingia siku moja yapate pa kutokea, na nimemwaga nta ya kuzuia kutu mle ndani nikiigeuza fremu huku na huku.

Alhamisi, 6 Machi

Mfungo umeanza, mafundi wengi wanafunga milango saa tisa alasiri, na mawingu ya kwanza yameshaonekana upande wa bahari. Lakini leo nimepata kioo, na nimeona kazi ambayo nitaikumbuka.

Faida ya kioo bapa ni kwamba hakihitaji kiwanda chenye umbo lake. Kioo kilichopikwa kikawa kigumu, kama cha milango, hakikatwi. Ukikigusa kwa kifaa cha kukatia kioo kinamwagika chote punje punje. Kile cha tabaka mbili kinakatwa, ukimpata anayejua. Nilimpelekea mzee mmoja wa vioo kile kilichopasuka kiwe kipimo chake. Hakukubali. "Cha zamani kimeshakulwa kingo, mwanangu. Nipe fremu na raba." Akachora umbo kwenye plaiwudi, akaikata, akaivalisha raba, akaitia kwenye fremu kavu kavu, akaitoa, akapunguza milimita 2 upande mmoja, akaitia tena. Mara nne. Alipokuja kwenye kioo chenyewe alikuwa hana shaka yoyote mkononi.

Anakata tabaka la juu kwa kigurudumu cha kukatia kioo, anakigeuza, anakata la chini kwenye mstari uleule. Anagonga kwa chini, mpasuko unatembea, unauona. Lakini vipande havitengani kwa sababu plastiki ya katikati bado inavishika. Hapo akachukua chupa ya spiriti, akamwaga mstari mwembamba juu ya mpasuko, akawasha kiberiti. Moto wa bluu ukakimbia kutoka ncha hadi ncha, mfupi, karibu hauonekani kwenye mwanga wa mchana, ukazima. Plastiki imelainika. Akavuta vipande kama unavyofungua kitabu kipya, akapitisha wembe kwenye upenyo, ssss, basi. Mara sita hivyo, pembe za mviringo akazimalizia kwa jiwe la kunoa na maji mpaka kidole changu kikapita bila kukwaruzwa.

Nililipa shilingi 190,000. Nilimwongezea za futari, akakataa, nikamwachia tende.

Jumamosi, 15 Machi

Kioo kipo ndani.

Kamba safari hii ni ya nailoni, ya wavuvi, milimita 5, nimeinunua soko la samaki la Deep Sea. Inateleza, hainywi sabuni. Mfereji wa raba niliupaka maji ya sabuni mpaka yakadondoka, ulimi wa fremu vilevile. Kabla ya kuanza tulizungusha mkono kote kuhakikisha raba imekaa katikati, kushoto na kulia sawa.

Nilivuta chini kwanza, kutoka katikati hadi pembe ya kushoto, nikasimama. Nikarudi katikati, nikavuta ncha ya pili hadi pembe ya kulia. Kisha ubavu huu nusu, ubavu ule nusu. Ba'mdogo alikuwa nje na viganja vyake, hapigi tena, anaegemea tu. Kamba ikivutwa sawasawa na mtu wa nje akisukuma palepale kamba ilipo, mdomo wa raba unavuka wenyewe na unatoa mlio, plap, plap, plap, kama nyayo zenye maji kwenye sakafu. Pembe ya chini kushoto ilivuka bila hata kusita. Nilisimama nikaishika kwa vidole. Ulimi wote ulikuwa umeshamezwa.

Juu ndipo pagumu, kwa sababu raba imeshajibana pande tatu. Sentimita 20 za mwisho nilizivusha kwa kijiko cha mbao huku navuta kamba kwa mkono mwingine. Bisibisi isiingie kabisa hapa. Inatoboa raba na huoni mpaka mvua inyeshe.

Dakika 35 tangu mwanzo. Tumekula futari kwa ba'mdogo, na kila baada ya dakika kumi alitoka kwenda kukitazama.

Jumapili, 16 Machi

Jaribio la maji, na limevuja.

Namna ya kupima: mpira wa bustani bila presha, maji yajimwagikie tu, na unaanza chini kwenda juu. Ukianza juu, maji yanatiririka kote na huwezi kujua yameingilia wapi. Ndani nilinyunyiza unga wa ngano kwenye dashibodi na kuzunguka raba, kwa kuwa unga unaonyesha tone la kwanza kabla jicho halijaliona. Dakika tano kila sehemu.

Raba ya bawaba chini: kavu. Raba ya kioo, chini, pembe zote mbili, ubavuni: kavu. Nilipofika nusu ya kioo, unga wa kushoto ukalowa, na moyo wangu ukalowa nao. Niko karibu kukata tamaa, ba'mdogo akaingiza kidole. "Maji hufuata mkondo," akasema, "hebu twende nao." Tulifuata ule unyevu kinyumenyume na tochi. Haukutoka kwenye raba ya kioo. Ulikuwa unatoka kwenye tundu la waipa, pale mhimili wake unapopenya fremu. Kiraba kidogo cha mviringo, ukubwa wa shilingi hamsini, sikuwa nimekibadilisha kwa sababu kilionekana kizima. Nilipokitoa kilivunjika mkononi vipande viwili.

Fikiria mtu asiyefuata mkondo. Angeona maji chini ya kioo, angelaumu raba, angekwenda dukani kununua silikoni. Naamini rangi ya kwanza kati ya zile tatu iliingia hivyo.

Viraba vyote viwili vya waipa ni vipya sasa, nimevikata kutoka kwenye raba ya mita ya Gerezani, ambayo angalau imepata kazi. Juu ya raba ya kioo nimeongeza kitu kimoja: chini ya mdomo wake wa nje, ukingo wa chini tu, nimeingiza mastiki ile laini isiyokauka, na kufuta iliyozidi. Hiyo haigandi, haitoi asidi, na siku nikitaka kutoa kioo itaachia.

Raba ya paa nimeibana upya. Boliti za paa zinakazwa kidogo kidogo, kutoka katikati kwenda pembeni, mizunguko mitatu. Ukikaza moja mpaka mwisho raba inavimba pembeni yake na kuacha nafasi.

Jaribio la pili, saa kumi na moja jioni, chini hadi juu na hatimaye juu ya paa dakika kumi. Unga mkavu.

Jumamosi, 12 Aprili

Amani na kurudi. Niliichagua kwa sababu mvua ya Usambara Mashariki haina mchezo, na kwa sababu barabara ya kupanda kutoka Muheza inaitikisa fremu kuliko maji yoyote ya bustani. Baba alitupitisha huko kwenda kuona miti iliyopandwa na Wajerumani.

Mvua ilitukuta kabla ya kufika mlimani. Kwanza matone mazito, kisha ukuta. Waipa za gari hili ni za polepole, unaona njia kwa vipande. Ba'mdogo alikaa kushoto, na bila kuniambia alikuwa amechukua taulo, si lile la baba, lile lilishaisha, lakini alikuwa amelikunja mara nne vilevile na kuliweka juu ya dashibodi. Kila baada ya kona mbili tatu alikuwa anapeleka kidole kwenye pembe ya chini kushoto, anakisugua na dole gumba, anarudisha mkono magotini. Hakusema kitu. Kwenye makorongo fremu ilikuwa inalia, kwii, kwii, raba mpya ikisugua rangi mpya, nami kila mlio nilikuwa naangalia kioo.

Tulisimama juu, kwenye ukungu, injini inaunguruma. Akalinyanyua taulo akanipa nilishike. Lilikuwa kavu mpaka ndani ya mikunjo. Suruali yangu upande wa kulia, lakini, ilikuwa imelowa kuanzia goti hadi kiunoni: raba ya mlango wa dereva, pembe ya juu, inapokutana na nguzo ya fremu. Kwa kuwa fremu sasa imenyooka, mlango ndio unaoonekana umekaa nje kwa milimita 3 au 4.

Jumatatu namwandikia shangazi anitafutie raba za milango, jozi. Bawaba za mlango wa kulia nitazilegeza kabla hazijafika.